Kitabu Kilichofungwa Kufuli: Mashaka ya Mchungaji Anunuaye Vitabu vya Elektroniki

1. Utangulizi

Katika 2 Timotheo 4:13 Mtume Paulo, akiwa kifungoni na akijua ya kuwa siku zake zimekaribia mwisho, anamwagiza Timotheo amletee vazi alilomwachia Karpo huko Troa, pamoja na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Wafasiri wameandika mengi juu ya swali la vitabu hivyo vilikuwa vitabu gani. Sisi twapenda kutazama jambo dogo ambalo kwa kawaida hupitwa, nalo ni kwamba agizo lile liliwezekana. Vitabu vya Paulo viliweza kuachwa nyumbani kwa mtu mmoja, vikachukuliwa na mtu wa pili, vikasafirishwa kwa nchi kavu na kwa bahari, na baada ya kufa kwa mwenyewe vikabaki mikononi mwa mwanafunzi wake. Hakuna kati yao aliyehitaji ruhusa ya yule aliyeviuza.

Leo wachungaji na wanafunzi wa theolojia wanaanza kununua vitabu ambavyo agizo kama lile haliwezi kutimizwa juu yake. Navyo ni vile vitabu vya elektroniki vilivyofungwa kwa kinga ya kuzuia nakala. Faida ya vitabu vya elektroniki kwa jumla hatuna haja ya kuitetea. Mchungaji wa usharika ulio mbali aweza kuchukua maktaba nzima katika mfuko wa koti lake, na kitabu ambacho zamani kilikawia miezi katika posta humfikia kwa dakika chache. Hata hivyo wengi huuliza, na kuuliza kwao ni kwa haki: Je, nitoapo fedha zangu, nimenunua nini? Je, ninunue kifaa gani cha kusomea? Na je, kama nimelipa, naweza kulivunja kufuli hilo kwa dhamiri safi?

Katika makala haya tunakusudia kuyajibu maswali hayo matatu kwa utaratibu. Kwanza tutaeleza kufuli hilo ni kitu gani na hufanyaje kazi. Pili tutatazama mambo yaliyokwisha kutokea. Tatu tutapima madhara yake kwa huduma na kwa masomo, kisha tutaisikiliza hoja ya upande wa pili. Mwishoni tutatoa mashauri.

2. Kufuli hilo ni kitu gani?

Kitabu cha elektroniki ni faili, yaani maandishi yaliyohifadhiwa ili kompyuta, simu, au kifaa maalumu cha kusomea kiweze kuyaonyesha. Faili ya kawaida hunakiliwa kwa urahisi mno. Nakala ya kwanza na ya elfu ni sawa kabisa, wala kunakili hakugharimu kitu. Kwa sababu hiyo wachapishaji wengi huogopa kuuza faili iliyo wazi, nao huweka kufuli.

Kufuli hilo lina sehemu tatu. Ya kwanza ni maandishi yenyewe, ambayo hugeuzwa kwa hesabu maalumu yakawa maandishi ya siri yasiyosomeka. Ya pili ni ufunguo, ambao haukabidhiwi mnunuzi mkononi bali huunganishwa na akaunti yake kwa muuzaji, au na kifaa alichokiandikisha. Ya tatu ni kompyuta ya muuzaji yenyewe, iliyoko nchi ya mbali, ambayo ndiyo inayotoa ufunguo na kuthibitisha kwamba akaunti hii ina ruhusa ya kufungua kitabu hiki. Pasipo ufunguo huo kitabu hakifunguki, hata kama faili yake imo ndani ya kifaa cha msomaji.

Aidha makufuli hayafanani. Kampuni ya Amazon ina kufuli lake, nalo hufunguka katika vifaa vyake vya Kindle na katika programu zake tu. Kampuni ya Adobe ina kufuli jingine, ambalo hutumiwa na maduka mengi yauzayo vitabu vya aina ya EPUB. Kindle haiwezi kulifungua kufuli la Adobe, wala kifaa cha Kobo hakiwezi kulifungua kufuli la Amazon. Basi mtu anunuapo kitabu kilichofungwa huwa amechagua pia kifaa atakachosomea, na anunuapo kifaa huwa amechagua pia duka, ijapokuwa pengine hakujua ya kuwa anachagua.

Yafaa ifahamike kwamba mara nyingi mwenye kuamua juu ya kufuli ni mchapishaji, si duka. Duka moja laweza kuuza kitabu kilichofungwa na kingine kilicho wazi. Mfano unaojulikana ni ule wa Tor, wachapishaji wa hadithi huko Marekani, ambao mwaka 2012 waliondoa kufuli katika vitabu vyao vyote vya elektroniki. Kwa hiyo kufuli si sehemu ya asili ya kitabu cha elektroniki. Ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa watu waweza kupimwa na kujadiliwa.

3. Mali au ruhusa?

Tukinunua kitabu cha karatasi tunapata vitu viwili vilivyo mbali. Hatuwi wenye hakimiliki ya maneno yaliyomo. Hiyo hubaki kwa mwandishi au mchapishaji. Lakini karatasi zenyewe ni mali yetu kamili. Tunaweza kuziazima, kuziuza, kuzitoa zawadi, na kuzirithisha. Huko Marekani jambo hili liliamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1908, katika kesi ya wachapishaji Bobbs-Merrill, ambao walikuwa wamepiga chapa ndani ya kitabu chao tangazo la kukataza kisiuzwe chini ya dola moja. Mahakama ilisema kwamba mchapishaji akishakiuza kitabu, haki yake ya kutawala mauzo ya nakala ile imekwisha.

Kitabu cha elektroniki hakikufuata njia hiyo. Katika masharti marefu ambayo mnunuzi huyakubali, mara nyingi bila kuyasoma, imeandikwa ya kwamba anapewa leseni, yaani ruhusa ya kusoma. Hakuna nakala inayokuwa mali yake. Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya kampuni ya Uholanzi iitwayo Tom Kabinet kwamba kuuza tena vitabu vya elektroniki vilivyokwisha kutumika kwahitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki. Ile haki ya kukiuza kitabu chakavu sokoni, haki ambayo kila mwanafunzi wetu huitegemea mwisho wa mwaka, haikuhamia upande wa elektroniki.

Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, kwamba muuzaji wa vitu vya namna hii asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kuwa anachopata ni leseni. Sheria hiyo haikuondoa kufuli. Ililidai neno la kweli. Nasi twaona kwamba hilo peke yake ni jambo kubwa, maana katika Kumbukumbu la Torati 25:13-15 Mungu hakukataza biashara. Alikataza mawe mawili ya kupimia ndani ya mfuko mmoja. Kutumia neno "kununua" kwa kitu kisichoweza kumilikiwa kunakaribia sana jiwe la namna hiyo.

4. Mambo yaliyokwisha kutokea

Pengine msomaji atasema kwamba tofauti hii ya mali na ruhusa ni ya wanasheria, wala haimgusi mtu anayetaka kuandaa hotuba ya Jumapili. Mambo yaliyotokea yanaonyesha vingine.

Julai 2009 kampuni ya Amazon iligundua kwamba aliyeweka dukani mwake nakala fulani za vitabu viwili vya George Orwell hakuwa na haki ya kuviuza. Kampuni ikavifuta vitabu hivyo kwa mbali kutoka katika vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, ikawarudishia fedha zao. Mmoja wa vitabu hivyo, Nineteen Eighty-Four, wahusu utawala unaofuta maandishi usiyoyapenda, na kwa hiyo kelele zilikuwa nyingi. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani. Hatusemi kwamba kampuni ilikuwa na nia mbaya. Tunalosema ni kwamba siku ile watu walijifunza kuwa mlango wa maktaba yao una ufunguo wa pili, nao hauko kwao.

Mwaka 2014 kampuni ya Sony ilifunga duka lake la vitabu la Amerika Kaskazini, nao wateja wakahamishiwa kwa Kobo. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu. Vitabu vyote vilivyokuwa vimenunuliwa humo viliacha kufunguka, na wateja walirudishiwa fedha. Waliokuwa wameandika maelezo yao pembeni mwa kurasa waliongezewa dola 25. Hapa mwalimu na mchungaji watafakari kidogo. Je, maelezo ya miaka kumi juu ya Waraka kwa Warumi, yaliyoandikwa pembeni mwa ufafanuzi mmoja, thamani yake ni dola 25?

Kisha Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyowaruhusu wateja kupakua faili za vitabu walivyonunua katika kompyuta zao na kuvihamishia katika Kindle kwa waya. Wengi walioishi mahali pasipo na mtandao wa hakika walikuwa wakitegemea njia hiyo.

Matukio haya si mengi, na vitabu vya karatasi navyo vina adui zake, yaani mchwa, moto, mvua ipitayo katika paa bovu, na rafiki aazimaye asirudishe. Lakini kuna tofauti moja. Mchwa huila rafu moja katika nyumba moja. Kampuni ikibadili nia, rafu zote za wasomaji wake wote huguswa siku moja.

5. Madhara kwa huduma na kwa masomo

Dhara la kwanza ni la urithi. Vyuo vyetu vingi vya theolojia na vya Biblia vina rafu zilizojazwa na vitabu vya wachungaji waliostaafu au waliolala katika Bwana. Fungua kitabu cha namna hiyo nawe utaona jina la mwenye kitabu, mwaka alioununua, na mistari ya penseli. Hivyo ndivyo kizazi kimoja cha watumishi kilivyokifundisha kingine bila kuonana. Leseni ya kusoma, kwa kawaida, hufa pamoja na mwenye akaunti. Mjane wa mchungaji atabakiwa na kifaa, na pengine hajui hata neno la siri la kukifungulia. Mtumishi aliyetumia sehemu ya posho yake ndogo kwa miaka thelathini hatakuwa na kitu cha kuwaachia wanafunzi.

Dhara la pili ni la maktaba za vyuo. Mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins walitangaza kwamba kitabu cha elektroniki wanachoiuzia maktaba kitaweza kuazimwa mara 26 tu, kisha maktaba ilipe upya. Tukumbuke kwamba nyumba ya Zondervan, ambayo vitabu vyake vya ufafanuzi vimo katika maktaba nyingi za theolojia, ni mali ya HarperCollins tangu 1988. Chuo chenye darasa la wanafunzi arobaini wanaosoma kitabu kimoja kitamaliza mara 26 kabla ya wiki ya mitihani. Chuo cha Ulaya chaweza kuyabeba malipo hayo. Chuo kinachotegemea ada na sadaka za sharika hakiwezi.

Dhara la tatu huwapata wenzetu wasioona. Kitabu cha elektroniki kingeweza kuwa msaada mkubwa kwao, kwa maana programu huweza kukisoma kwa sauti. Lakini mwaka 2009, Amazon ilipotoa Kindle yenye uwezo huo, chama cha waandishi wa Marekani kilipinga, na kampuni ikawaruhusu wachapishaji kuzima sauti katika vitabu vyao. Baadaye mataifa yalikubaliana huko Marrakesh, mwaka 2013, juu ya mkataba wa kuwarahisishia wasioona kupata vitabu, nao ukaanza kutumika mwaka 2016. Ulihitajika mkataba wa mataifa ili jambo la haki liwe halali.

Dhara la nne ni la usomi wenyewe. Vitabu vingi vya elektroniki havina namba za kurasa zilizo thabiti, maana ukurasa hubadilika kwa kadiri ya ukubwa wa herufi. Na baadhi ya makufuli huruhusu sehemu ndogo tu ya kitabu kunakiliwa kwa ajili ya dondoo. Mwanafunzi aandikaye tasnifu hujikuta hawezi kuonyesha kwa usahihi alikolitoa neno.

6. Hoja ya upande wa pili

Ingekuwa si haki kumshitaki mchapishaji bila kumsikiliza. Naye hujibu hivi: kitabu kizuri cha ufafanuzi ni kazi ya miaka mingi; mwandishi, mhariri na mpiga chapa wote wanakula kwa kazi yao; na pasipo kufuli, nakala moja iliyouzwa huzaa nakala elfu ambazo hazikulipiwa. Hayo ni kweli. Sisi sote tunajua jinsi vitabu vizima vinavyopita kutoka simu hadi simu katika makundi ya wanafunzi, na hakuna aulizaye vimetoka wapi. Mwandishi wa Kiafrika, ambaye soko lake ni dogo tangu mwanzo, huumia kuliko wote.

Jambo hili si geni katika historia ya kanisa letu. Martin Luther hakupokea malipo kwa maandiko yake, naye alifurahi yalipoenea. Agano Jipya lake la Septemba 1522 lilikuwa limekwisha kupigwa chapa upya huko Basel, na Adam Petri, kabla ya mwaka huo kwisha. Hata hivyo mwaka 1525 Luther aliwaandikia wapiga chapa maneno makali, kwa sababu mswada wa mahubiri yake uliibwa ukachapwa mahali pengine kabla ya Wittenberg kuumaliza. Alilalamika kwamba aliyegharimia kazi ananyang'anywa jasho lake, na kwamba kwa haraka yao vitabu vilijaa makosa hata yeye mwenyewe hakuvitambua. Tayari mwaka 1524 alikuwa ameweka katika tafsiri yake ya Agano la Kale alama mbili, yaani mwana-kondoo na ua lake la waridi, ili msomaji ajue kwamba kitabu hicho kimepita mikononi mwake.

Tunaona hapo mambo mawili. La kwanza, Luther aliutambua wizi wa kazi ya mpiga chapa kuwa ni wizi. La pili, dawa aliyoitumia ilikuwa ni alama. Alama humjulisha msomaji ukweli juu ya kitabu, lakini haimzuii kukiazima, kukiuza, wala kukirithisha. Hata leo wako wauzaji wanaofuata njia iliyo karibu na hiyo: huandika jina la mnunuzi ndani ya faili, kisha humwachia faili ikiwa wazi. Anayeisambaza ovyo hujulikana, na anayeitunza kwa uaminifu hasumbuliwi.

Aidha tusisahau kwamba makanisa yenyewe yaliwahi kufunga vitabu. Katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, maktaba ya vitabu vilivyofungwa minyororo yaonekana hadi leo. Lakini mnyororo ule uliwekwa ili kitabu kibaki mahali ambapo wengi wangekisoma. Kufuli la sasa lafanya kinyume chake, kwa kuwa humfungia msomaji mmoja na kumzuia wa pili.

7. Amri ya Saba na dhamiri ya mnunuzi

Sasa twafika kwenye swali gumu. Programu za kuvunja makufuli zinapatikana. Je, aliyekilipia kitabu aweza kuzitumia ili kukisoma katika kifaa kingine, au ili kukihifadhi?

Kwa upande wa sheria, Marekani ilikataza kuvunja kinga hizo tangu 1998, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo yakataza. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo kila chuo chapaswa kuwa na nakala yake katika maktaba. Mchungaji si mtu wa kuidharau sheria ya nchi.

Kwa upande wa dhamiri, yatupasa kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kugawa kwa wengine nakala za kitabu ambacho mwandishi wake angelipwa ni kuchukua kilicho cha mwenzetu, hata kama mwandishi yuko mbali na hata kama sisi ni maskini. Luther, aelezapo Amri ya Saba katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, haihesabu kuwa ya mnyang'anyi wa usiku tu. Anaipeleka sokoni, karakana, na kila mahali ambapo mtu hujinufaisha kwa hasara ya jirani. Maneno yale yawagusa wanafunzi wanaosambaza vitabu visivyo vyao, na kwa kadiri iyo hiyo yamgusa muuzaji aitaye ukodishaji kuwa ni uuzaji. Hakuna upande ulioachiliwa.

Lakini kufungua kitabu ulichokilipia ili ukisome mwenyewe ni jambo jingine. Hapo jirani hakunyang'anywa kitu. Hata hivyo hatumshauri mtumishi wa Mungu aishi kwa kuvunja makufuli, kwa sababu tatu. Kwanza, alikubali masharti, na "ndiyo" yake yapasa kuwa ndiyo. Pili, sheria katika nchi nyingi haitazami nia yake. Tatu, mwanafunzi amwonaye mwalimu wake akivunja kufuli haoni ile tofauti tuliyoieleza; aona ruhusa. Njia iliyo bora ni kutonunua kilichofungwa pale ambapo kuna njia nyingine, na kumwandikia mchapishaji kumweleza sababu. Uhuru wa kutonunua hauvunji amri yoyote.

8. Kuchagua kifaa

Mtu akiyaelewa hayo, kuchagua kifaa huwa jambo la kawaida. Kosa la wengi ni kuanza na kifaa. Yafaa kuanza na aina ya vitabu atakavyosoma, kisha duka vitakakotoka, na kifaa kiwe cha mwisho.

Vifaa maalumu vya kusomea hutumia wino wa elektroniki, ambao kampuni yake, E Ink, ilianzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka katika chuo cha MIT, Marekani. Ndani ya kioo mna vifuko vidogo sana vyenye chembe nyeupe na nyeusi, na umeme huzisukuma juu au chini. Chembe zikishakaa mahali pake hazihitaji umeme tena mpaka ukurasa ugeuzwe. Kwa sababu hiyo betri yaweza kudumu majuma kadhaa, na kioo chasomeka hata juani. Kwa mchungaji ambaye umeme wake ni wa paneli ndogo ya jua, faida hiyo ni kubwa. Simu na kompyuta za mkononi huonyesha rangi na zina kazi nyingi, lakini huchosha macho ya wengi na humaliza betri kwa siku moja.

Kindle, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2007, imetengenezwa vizuri na duka lake ni kubwa kuliko yote, ila imefungamana na duka hilo. Kobo na PocketBook husoma faili za EPUB moja kwa moja, pamoja na zile zenye kufuli la Adobe. EPUB ni kanuni iliyo wazi, nayo si mali ya duka lolote. Tangu 2022 mtu aweza kuituma EPUB isiyofungwa kwa Kindle kwa njia ya akaunti yake, lakini lazima ipitie kwa kampuni.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ajaribu mambo manne. Afungue zaburi moja ya Kiebrania yenye alama za irabu, na sura moja ya Kiyunani yenye lafudhi zake, aone kama herufi zakaa sawasawa. Afungue ukurasa wa PDF wa kitabu kilichopigwa picha, kwa maana kioo cha inchi 6 huufanya usomeke kwa shida, na anayesoma PDF nyingi ahitaji kioo cha inchi 10, ambacho bei yake ni kubwa. Ajaribu kuruka kwenda kwenye tanbihi na kurudi. Kisha aulize jinsi ya kuyatoa maelezo yake nje ya kifaa. Asipopata jibu, asiandike humo jambo lolote analolithamini.

9. Mashauri

Kwanza, tuanze na vilivyo wazi. Michael Hart alianzisha Project Gutenberg mwaka 1971, na humo mna maandiko kadhaa ya Luther. Mwaka 1993 Harry Plantinga alianzisha Christian Classics Ethereal Library, yenye maandiko ya mababa wa kanisa. Kitabu cha Mapatano katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1921 kinapatikana bure, na kadhalika Agano Jipya la Kiyunani lililotolewa na Society of Biblical Literature mwaka 2010. Mwanafunzi mwenye hivyo ana msingi wa maktaba bila kulipa shilingi wala kumkosea mtu.

Pili, vitabu vya maisha yote, yaani Biblia za lugha za asili, kamusi, vitabu vya ungamo, na ufafanuzi tunaourudia kila mwaka, tuvinunue vya karatasi au vya elektroniki visivyofungwa.

Tatu, kilichofungwa tukichukulie kama kitu cha kukodi. Kikiwa cha bei ndogo na cha kusoma mara moja, hakuna shida. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini yaweza kuvaliwa kwa siku moja na anayejua kuwa ni ya kuazima.

Nne, maelezo yetu tuyaandike katika daftari au faili iliyo yetu.

Tano, vyuo na dayosisi zetu zitoapo vitabu vya elektroniki vya Kiswahili, zivitoe bila kufuli, kwa bei ndogo, na jina la mnunuzi liandikwe ndani. Na mikataba ya vyuo na wauzaji isomwe na mkutubi pamoja na mwanasheria, wakiuliza hasa: baada ya kuacha kulipa, je, tutabaki na nini?

10. Hitimisho

Aina ya kitabu ni mambo yasiyoamriwa wala kukatazwa. Ngozi, karatasi na wino wa elektroniki vyote vimelichukua Neno, na hakuna kimoja kilicho kitakatifu kuliko kingine. Yasiyo ya hiari ni ukweli katika kuuza, uaminifu katika kulipa, na wajibu wetu kwa watakaotufuata. Katika Yeremia 36 mfalme Yehoyakimu alilikata gombo kwa kisu, akalitupa motoni kipande kwa kipande. Neno la Bwana halikupotea, kwa sababu Baruku alikuwa na gombo jingine, na wino, na uhuru wa kuandika tena. Mchungaji anapokaribia kununua kitabu, na ajiulize kama atakuwa na uhuru huo, na kama kijana atakayeshika usharika baada yake ataweza kukifungua.